Mkarafuu wa bwana, muhogo wa mtumwa: kisa cha Unguja na Pemba, 1872–1909

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Watu wa visiwani wanaujua kusi na wanaujua kaskazi, lakini vimbunga kwa kawaida hupita mbali, kusini huko upande wa Bukini (Madagaska) na Mauritius. Hiki kilifika. Kilizamisha vyombo vilivyotia nanga bandarini pamoja na merikebu za Sultani Barghash bin Said, kikaezua mapaa, kikang'oa minazi. Kilipotulia, mikarafuu ya kisiwa ilikuwa imelala chini. Makadirio ya wakati ule yalitaja theluthi mbili ya miti yote. Pemba, mwendo mfupi wa bahari kwa upande wa kaskazini, ilisalimika karibu yote.

Mkarafuu ukipandwa leo hauchumwi kabla ya miaka sita au saba. Kwa hiyo mwenye shamba wa Unguja aliamka siku ile akiwa na vitu vitatu: ardhi iliyojaa magogo, madeni mjini, na watu. Watu hao walikuwa mali yake kwa sheria ya nchi. Ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki. Kimbunga kilimtenga mtu na mti, tukaweza kuona uchumi ule ulikuwa umesimama juu ya kipi kati ya hivyo viwili.

Juma la shambani

Karafuu ni ya Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo. Wafaransa waliitorosha katika karne ya 18 wakaipanda kwenye visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Masimulizi humtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda, Mtoni na Kizimbani, na mashamba yake baadaye yakaingia mikononi mwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Said alihamisha makao yake kutoka Maskati, akaifanya Unguja kuwa nchi ya karafuu. Binti yake Salme, katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886, anasema baba yake alikuwa na mashamba 45.

Ardhi nzuri ya magharibi na katikati ya Unguja haikuwa tupu. Wahadimu, wenyeji wa kisiwa waliokuwa wakiilima, walibanwa taratibu kuelekea mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe, na tena wakadaiwa kodi na kazi kupitia kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi. Watu wa kulima ardhi waliyoiacha wakaletwa kutoka bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo, wengi kupitia Kilwa. Katika miaka ya 1860 makadirio ya watumwa waliofikishwa Unguja yalikaribia 20,000 kwa mwaka. Wapo waliopelekwa mbele, Lamu, Malindi na Uarabuni, lakini sehemu kubwa ilimezwa na mashamba ya hapa hapa. Mkataba wa 1845 kati ya Said na Waingereza ulikataza kuwapeleka watumwa nje ya milki yake ya Afrika, na wafanyabiashara waliona wazi kwamba soko lililobaki ni mkarafuu.

Tuingie shambani. Alfajiri nokoa, mnyapara wa shamba, aliwaita watu. Juu yake alikuwapo msimamizi, mara nyingi mwungwana wa kuajiriwa. Chini ya nokoa alikuwapo kadamu, msaidizi wake. Nokoa na kadamu walikuwa watumwa. Bila mtumwa wa kumsimamia mtumwa shamba lisingeenda, kwa kuwa wenye mashamba makubwa wengi walikaa mjini na kuhamia shambani msimu wa mavuno tu.

Tukizungumza karafuu huwa tunazungumza uchumaji, na uchumaji kweli ni kazi ya hatari. Karafuu huchumwa kabla haijachanua. Ikishachanua thamani yake imekwenda. Mti hauivi wote siku moja, kwa hiyo hurudiwa mara mbili na tatu. Mchumaji hupanda mpaka kwenye matawi ya juu, na tawi la mkarafuu hukatika upesi. Hadi leo kule Pemba watu huanguka na kuvunjika kila msimu. Chini ya mti wanawake na watoto huchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, mtu akiwa macho kuikusanya wingu likitanda.

Lakini mavuno ni ya miezi, na mwaka una siku nyingi zaidi ya hizo. Kilichoshika shamba mwaka mzima ni palizi. Shamba lisilopaliliwa hugeuka pori, mchumaji haufikii mti, karafuu zinazodondoka hazionekani, na mche mchanga hufa chini ya majani. Palizi haina mwisho, wala haina utamu wowote kwa mwenye kushika jembe, maana hapalilii chakula chake. Hapo ndipo jibu la swali la kwa nini utumwa lilipo. Ardhi ya kulima muhogo ilikuwa bado ipo. Mtu huru mwenye jembe aliweza kujilisha mwenyewe, na hakuna ujira ambao mwenye shamba angeweza kuutoa ukamfanya mtu huyo aache konde lake akapalilie miti ya mwingine mwaka baada ya mwaka. Mwenye shamba hakukosa mikono ya kuvuna, kwa maana mchumaji wa kulipwa angeweza kupatikana. Alihitaji mtu asiyeweza kuondoka.

Kwa kawaida ya mashamba ya Unguja, mtumwa alimfanyia bwana kazi siku tano. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake. Alipewa mahali pa kujenga kibanda na konde la kulima muhogo, mtama au kunde, na kwa siku hizo mbili alijilisha yeye na watoto wake. Msimu wa karafuu ukipamba moto siku hizo nazo zilimezwa, ingawa wapo mabwana waliolipa kidogo kwa kazi ya siku hizo. Alichozidisha kondeni aliweza kukiuza: muhogo, kuku, mayai.

Desturi hii ya siku mbili imewafanya baadhi ya waandishi waite utumwa wa visiwani utumwa wa upole. Siafiki, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba konde lilikuwa faida ya bwana kabla halijawa ya mtumwa: lilimwondolea gharama ya chakula. Mtu aliyenunuliwa mara moja alijilisha mwenyewe na kupalilia bure. Ya pili ni nzito zaidi. Vizazi shambani havikufidia vifo. Wanawake wengi waliofika kwa njia ya Kilwa, baada ya miezi ya kutembea, njaa na kuuzwa mara kadhaa, hawakupata watoto au waliwazika wadogo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Wenye mashamba walinunua watu wapya kila mwaka ili idadi ibaki pale pale. Mahali ambapo watu lazima wanunuliwe kila mwaka ili wasiishe hapawezi kuitwa pa upole, hata kama Alhamisi nokoa hakuwaita.

Lakini siku mbili hizo hazikushuka kutoka kwenye moyo mwema peke yake, na hapa nataka mtumwa apewe haki yake. Bwana wa visiwani hakuwa na polisi wala jeshi la mashambani. Mtumwa aliyebanwa kupita kiasi alitoroka, akaingia vichakani au akaiba ngalawa. Desturi ilijengwa na pande mbili zilizokuwa zikivutana, moja ikiwa imeshika karibu kila kitu na nyingine ikiwa imeshika miguu yake tu.

Deni la mjini

Hili nitalipitia haraka. Kupanda karafuu kulitaka fedha za kununua watu, na fedha zilikuwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ikiwa kubwa kuliko zote, na baadaye Taria Topan. Riba ni haramu, kwa hiyo mkopo ulivikwa nguo ya mauzo: mwenye shamba aliuza kwa khiyari ya kununua tena, au aliweka rehani, na mkopeshaji alichukua mavuno. Tangu miaka ya 1840 bei ya karafuu ilikuwa imeshuka sana kwa sababu kila mtu alipanda. Kwa hiyo kimbunga kilimkuta mwenye shamba tayari anadaiwa, na alichokuwa nacho cha kuhamishika kilikuwa watu wake.

Wahindi wengi walikuwa raia wa Uingereza, na tangu mwanzo wa miaka ya 1860 konseli wa Kiingereza, Rigby, aliwalazimisha kuwaacha huru watumwa waliokuwa nao. Hata hivyo fedha zao ziliendelea kununua watumwa kupitia mikono ya wengine, na karafuu yenyewe iliendelea kwenda Bombay, London, Hamburg na New York. Merikani, kitambaa kilichomvika mtumwa, kilitoka Marekani kama jina lake linavyosema. Nasema hivi kwa sababu kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama kisa cha Waarabu na Waafrika tu. Waliokula karafuu hiyo walikuwa wengi, na walikaa mbali.

Baada ya kimbunga

Mambo mawili yaligongana ndani ya miezi kumi na minne. La kwanza, karafuu iliadimika na bei ikapanda mara kadhaa. La pili, Januari 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja na mkataba mkononi wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa hiyo hiyo ya kimbunga: nchi imekwisha umia, mkiiondolea watu wa kuipanda upya mtaiua. Konseli John Kirk alileta tishio la kukifunga kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na kanisa la Anglikana likaanza kujengwa mahali pale pale mwaka huo huo.

Mkataba ulikataza kuwasafirisha watu kwa bahari na kuwauza hadharani. Kuwamiliki haukukataza. Aliyekuwa mtumwa shambani tarehe 4 Juni alibaki mtumwa shambani tarehe 6.

Sasa tazama mwenye shamba alifanya nini. Bei iko juu, miti yake imeanguka, ya Pemba imesimama, na watu wapya wameharamishwa. Wapo waliopanda upya Unguja na kungoja. Wengine waliuelekeza mtaji wao Pemba, na mtaji huo ulikuwa na miguu. Kisiwa ambacho kabla ya hapo kilijulikana zaidi kwa mpunga kilipandwa mikarafuu mlima kwa mlima, bonde kwa bonde, mpaka mwisho wa karne kikawa kinatoa sehemu kubwa ya karafuu yote ya dola, na mpunga ukaanza kuagizwa. Wapemba wenyewe walipata nafasi ambayo Wahadimu hawakuipata Unguja: wengi walikuwa na miti yao wenyewe, na wapo waliokuwa na watumwa wawili watatu. Mtu anayesema utumwa wa karafuu ulikuwa wa kabila moja hajaitazama Pemba.

Watu walipatikana wapi? Misafara ya Kilwa iliacha majahazi ikashika nchi kavu, ikitembezwa kaskazini kando ya pwani, majuma kwa majuma, mpaka upande wa Pangani. Huko walipakiwa kwenye vyombo vidogo, na kwa usiku mmoja wa upepo mzuri wakawa Pemba. Mwaka 1876 Barghash akatoa amri za kukataza misafara ya nchi kavu pia. Meli ya kivita ya Kiingereza London ilikaa bandari ya Unguja tangu 1874 hadi 1883 ikiwa kituo cha boti za doria. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 akijaribu kukagua jahazi karibu na Pemba. Biashara haikukoma, ila ilipungua na ikawa ghali, na mtumwa aliyepatikana kwa shida akawa wa thamani zaidi kwa bwana wake na mwenye sauti kidogo zaidi mbele yake. Naamini desturi ya siku mbili iliimarika hasa wakati huu, pale ambapo mtu akitoroka hakukuwa na wa kumnunua badala yake.

Kisha miche ya Pemba ilikomaa, mipya ya Unguja nayo, na katika miaka ya 1890 karafuu ilikuwa nyingi tena na bei ikaporomoka. Serikali nayo ilikuwa ikitoza robo ya zao kuwa ushuru. Deni likarudi palepale lilipokuwa kabla ya kimbunga.

Mtumwa nje ya shamba

Ingekuwa hesabu ya fedha tu, mabwana wengi wangeuza watu wao na kulipa madeni. Hawakufanya hivyo, kwa sababu mtumwa alikuwa pia heshima. Mtu mkubwa alihesabiwa kwa watu walio nyuma yake. Jamii nzima ilipangwa kwa umbali wa mtu kutoka utumwani, na lugha yetu imehifadhi ngazi zote: mtwana na mjakazi, mjinga, yaani aliyefika jana kutoka bara na hajui lugha wala dini, mzalia, aliyezaliwa hapa na anayeringia hilo, suria, aliyeingia chumbani kwa bwana, huru, aliyeachwa, na juu kabisa mwungwana. Mzalia alimdharau mjinga kwa nguvu kuliko bwana alivyomdharau. Mavazi yalisema kabla mtu hajafungua mdomo. Mjakazi alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei nafuu, mtwana hakuvaa viatu wala kilemba. Majina pia: Mabruki, Feruzi, Farjala. Majina ya baraka, ambayo mtu hakupewa na baba yake.

Mjini walikuwapo watumwa wa kukodishwa, waliopewa kipande cha karatasi wakafanye kazi bandarini na kwenye maghala, kisha ujira ukagawanywa na bwana. Karatasi hiyo ndogo ndiyo kibarua. Leo tunasema kibarua kwa mtu anayefanya kazi ya siku, na ni neno la kawaida kiasi kwamba hatulisikii tena.

Dini iliweka mipaka ambayo ilikuwa ya kweli. Kumwacha mtu huru ni thawabu, na wapo waliowaacha watu wao kwa wasia. Mtoto wa suria kwa bwana wake alizaliwa huru na akarithi. Masultani kadhaa wa Unguja walikuwa wana wa masuria. Lakini mpaka mmoja haukuvukwa: mtumwa hakuwa na ukoo unaotambuliwa. Hakuoa bila idhini, na alipokufa, bwana ndiye aliyerithi. Muhogo uliokuwa kondeni siku ya kifo chake ulikuwa wa bwana.

Aprili 1897

Mwaka 1890 dola ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Agosti mwaka huo Sultani Ali bin Said alitoa amri ya kukataza kila uuzaji na ununuzi wa watumwa. Amri ile ilikuwa na kifungu kilichompa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha zake. Wenye mashamba walipiga kelele, na kabla mwezi haujaisha kifungu kikaondolewa. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha hofu ilikuwa wapi. Mtumwa aliyekuwa akiuza muhogo na kuku wa siku zake mbili angeweza kufika bei yake mwenyewe. Konde lilikuwa limeanza kuwa mlango, wakaufunga.

Sababu za kuchelewesha zilitolewa na maofisa wa Kiingereza wenyewe. Konseli mkuu Arthur Hardinge na waziri wa kwanza Lloyd Mathews waliogopa kwamba watumwa wakiachwa kwa mkupuo karafuu itaoza mitini, ushuru utaanguka, wenye mashamba watafilisika. Huko Uingereza wapinga utumwa, Wakweka (madhehebu ya Kikristo) wakiwa mstari wa mbele, walizidi kushikilia. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja na kumweka Hamoud bin Mohammed kwenye kiti. Tarehe 6 Aprili 1897 Hamoud alitia sahihi amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, Unguja na Pemba.

Amri ile isomwe polepole. Haikusema kuanzia leo wote ni huru. Ilisema kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa, na mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe akauombe. Mtu wa Pemba aliyewahi kufika Chake Chake mara chache maishani alitakiwa asimame mbele ya ofisa na kueleza habari zake. Bwana alilipwa fidia kwa kila aliyeachwa. Mtumwa hakulipwa chochote kwa miaka yake. Na aliyepewa hati alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Makazi na njia ya kujilisha. Mtumwa wa shamba alikuwa nayo yote mawili, kibanda na konde, na yote mawili yalisimama juu ya ardhi ya bwana. Akienda kuuchukua uhuru wake, konde linabaki kwa mwenye ardhi. Maofisa waliliona hilo na wakalijengea mkataba: aliyeachwa huru abaki na konde lake, na kwa kulitumia ampalilie mwenye shamba siku tatu kwa juma. Kutoka tano kufika tatu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo serikali ilikuwa tayari kuisimamia kati ya mtumwa na mtu huru.

Masuria waliachwa nje kabisa. Amri iliwahesabu kama wake, wasiweze kuomba uhuru isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Tafsiri ya jambo hilo kwa mwanamke mwenyewe ni kwamba mtwana wa shamba aliweza kuomba hati, yeye hakuweza. Alisubiri mpaka 1909, chini ya Sultani Ali bin Hamoud, utumwa ulipofutwa wote bila ubaguzi huo. Miaka kumi na miwili. Katika maandishi mengi inachukua mstari mmoja, na nadhani hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa kuwa shamba la karafuu halikuwa la wanaume peke yao. Aliyechambua karafuu, aliyelima muhogo, aliyezaa na kuzika watoto, aliyeitwa nyumbani kwa bwana bila kuulizwa, alikuwa mwanamke.

Konde na mti

Walioachwa huru hawakufanya kile maofisa walichotarajia. Hawakulala, wala karafuu haikuozea mitini. Walichuma, kwa sababu uchumaji ulilipwa kwa kipimo na mtu hodari aliondoka na fedha. Wahadimu nao walitoka pande zao za mawe wakaja kuchuma kila msimu, wakarudi kwao. Walichokikataa ni palizi. Mkataba wa siku tatu haukushika: watu walichelewa, walifanya kidogo, walihamia shamba la jirani ambako mwenyewe alikuwa na njaa ya watu. Ndani ya miaka michache wenye mashamba walikuwa wakiwaacha wakae na kulima bila sharti kubwa, maana konde lililolimwa chini ya mikarafuu lilizuia pori hata pasipo kazi ya lazima, na palizi iliyobaki wakawatafutia vibarua wa Kinyamwezi kutoka bara. Wapo walioondoka kabisa na kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori la mji, wakajenga mitaa. Wake kwa waume waliacha kaniki, wakavaa kanga na kanzu na kofia. Katika hesabu za watu za 1924 na 1931 wengi walibadilisha hata kabila walilojitajia, wakajiita kwa majina yasiyobeba utumwa.

Sharti moja, hata hivyo, mwenye shamba hakulilegeza. Anayekaa shambani alime muhogo, alime viazi, alime kunde, lakini asipande mnazi wala mkarafuu. Visiwani mti ni mali peke yake; aliyeupanda ana dai, na dai la mti hudumu kuliko la nyumba. Muhogo ukishang'olewa mtu hana alama iliyobaki. Kwa hiyo mtoto wa aliyekuwa mtumwa, na mjukuu wake, waliishi chini ya mikarafuu iliyopaliliwa na babu yao bila kuwa na hata mmoja. Mvutano wa siasa ulipopanda baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba walianza kuwafukuza wakaazi waliokipigia kura chama kingine, na hakuna karatasi ambayo mtu aliyezaliwa pale angeweza kuitoa.

Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na damu iliyomwagika katika siku zile ni kisa kingine kinachohitaji maandishi yake na uaminifu wake. Mwaka huo serikali iliitaifisha ardhi, na kuanzia 1965 ikaanza kuigawa kwa familia kwa kipimo cha eka tatu tatu. Wazee wa Unguja bado huziita hivyo hivyo, eka tatu. Kipimo hicho kilikuja na mikarafuu na minazi iliyokuwa imesimama juu yake. Karafuu yenyewe ilitakiwa iuzwe kwa serikali kwa bei ya serikali.

Kizimbani siku hizi ni mahali pa ziara za viungo. Mgeni hupewa kikonyo cha karafuu akinuse, huelezwa kwamba mti ulitoka Maluku, huonyeshwa kijana akipanda mnazi kwa kamba na kuimba. Pembeni, chini ya kivuli, huwa pamelimwa muhogo.